Kwa Nini Mlima wa Mbali Hukataa Kukaa Mbali Katika Mchoro wa Mkaa

Anayesimama Irente, takriban kilomita tano kutoka mjini Lushoto katika milima ya Usambara, huona ardhi ikikatika ghafla miguuni pake, tambarare ya Mazinde ikiwa imetandazwa karibu mita elfu moja chini yake, na ng'ambo ya hapo nyika ya Umasai ikiendelea hadi macho yanapochoka. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba tambarare ile iko mbali. Mwili wenyewe unajua, na wapo wanaorudi nyuma hatua moja bila kukusudia. Nimewapeleka wanafunzi wa kuchora mahali pale mara kadhaa, wakiwa na karatasi na vijiti vya mkaa, na karibu kila mara jambo lilelile hujirudia. Huchora kwa bidii, hupata umbo la kila kilima na kila mti, kisha huisimamisha karatasi, hurudi nyuma kuitazama, na hugundua kwamba lile shimo kubwa la hewa halimo. Milima ya mbali imesimama palepale ilipo miti ya karibu, kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba moja. Wenyewe husema: "Picha imelala."

Kwa nini imelala? Hapo ndipo majibu yanapotofautiana. Wapo wanaodhani mkono hauna kipaji, wapo wanaoulaumu mkaa, na wapo wengi wanaoshauri weusi uongezwe. Michoro ya mkaa inayosambazwa mitandaoni imezidisha mkanganyiko huo, kwa kuwa inayosifiwa zaidi ni ya nyuso zilizochorwa unywele kwa unywele, na mtazamaji huhitimisha kwamba wingi wa vitu vidogovidogo ndio uhai wa mchoro wowote. Katika mandhari mambo hayaendi hivyo. Kina hupatikana kwa kugawa weusi na weupe kwa uangalifu, na ugawaji huo haufanyiki bila kuamua kwanza picha nzima imepangwaje.

Ni vyema maneno machache yakaeleweka mapema. Mandhari ni picha ya eneo la nje: milima, pwani, mashamba, mbuga au hata mitaa ya mji ikitazamwa kwa upana wake. Kina ni hisia ya umbali anayoipata mtazamaji mbele ya karatasi ambayo kwa hakika ni bapa. Hakipo kwenye karatasi, bali huzaliwa katika akili ya mtazamaji kutokana na ishara anazopewa. Mpangilio ni uamuzi wa nini kiwekwe wapi, kwa ukubwa gani, na nini kiachwe kabisa. Toni ni daraja ya wepesi au uzito wa kijivu, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi mzito kabisa ambao mkaa unaweza kuutoa. Ukingo ni mahali toni mbili zinapokutana. Unaweza kuwa mkali kama ncha ya wembe au laini kama mwisho wa moshi.

Mkaa wenyewe nao una aina zake. Mkaa wa vijiti ni matawi membamba, Ulaya mara nyingi ya mti wa willow au ya mzabibu, yaliyochomwa ndani ya chombo kilichofungwa ili yasipate hewa ya kuyageuza majivu. Ni mwepesi, unateleza juu ya karatasi, na unafutika hata kwa kupanguswa na kitambaa. Mkaa wa kushindiliwa ni unga wa mkaa uliochanganywa na gundi kidogo na kufanywa kipande kigumu. Weusi wake ni mzito zaidi na haukubali kufutwa kirahisi. Watu huuliza kama mkaa wa jikoni unafaa. Unaacha alama, hilo halina shaka, lakini umetokana na magogo ya miti migumu, kwa hiyo kipande kimoja huwa na sehemu laini na sehemu ngumu inayokwaruza karatasi. Asiyeweza kununua mkaa wa dukani afadhali ajaze vijiti vikavu vyembamba katika kopo la maziwa ya unga, atoboe tundu dogo kwenye mfuniko, aliweke motoni hadi moshi ukome kutoka kwenye tundu, kisha aliache lipoe kabisa kabla ya kulifungua.

Ishara rahisi ambazo kila mtu anazijua

Ishara ya kwanza ya umbali ni kufunikana. Kitu kinachokatiza umbo la kingine kiko mbele yake, na hata mtoto mdogo anayechora nyumba mbele ya mti huitumia ishara hii bila kufundishwa. Ya pili ni ukubwa: vitu vya aina moja huonekana vidogo kadiri vinavyokuwa mbali. Hizi mbili hazina utata.

Ya tatu huwasumbua watu, nayo ni mahali kitu kinapokaa kulingana na upeo wa macho, yaani ule mstari ambapo bahari au tambarare hukutana na mbingu. Upeo wa macho siku zote uko sawa na kimo cha macho yako. Simama ufukweni Bagamoyo, miguu ikigusa maji, utazame ngalawa zinazorudi na wavuvi waliosimama ndani yake: mstari wa upeo utawapita wote karibu na macho yao, aliye karibu na aliye mbali, kwa sababu nao wamesimama karibu na usawa uleule wa maji. Wanachotofautiana ni ukubwa, na chombo cha aliye karibu kinashuka chini zaidi kwenye karatasi. Ukikaa mchangani, upeo unashuka pamoja nawe na kuwapita viunoni. Mchoraji anayeweka upeo mahali popote apendapo, kisha akatawanya ngalawa bila kuzingatia kipimo hiki, hupata picha ambamo mvuvi mmoja ni jitu na mwingine anaelea angani, na hakuna weusi wa mkaa utakaoiokoa.

Kuhusu mistari inayokutana mbali, kama reli au barabara iliyonyooka, nitapita haraka, kwa sababu ndiyo inayofundishwa zaidi na ndiyo inayosaidia kidogo zaidi katika mandhari. Ina kazi yake. Mashamba ya mkonge yaliyo chini ya Usambara yamepandwa kwa mistari iliyonyooka, na anayeyachora kutoka chini ataiona mistari hiyo ikikusanyika kuelekea nukta moja kwenye upeo. Lakini mlima hauna mistari sambamba, wingu halina, msitu hauna. Anayetegemea rula pekee atapata barabara yenye kina inayopita katikati ya nchi isiyo na kina.

Hewa kama chandarua

Ishara iliyo kuu katika mandhari ni hewa. Ukitaka kuelewa kazi yake, shusha chandarua cheupe mchana chumbani, umwombe mtu asimame upande wa pili. Nyuma ya tabaka moja bado unamtambua, ingawa nywele zake nyeusi zimekuwa za kijivu kidogo. Kunja chandarua kiwe tabaka mbili, naye anafifia. Tabaka nne, na unabaki na umbo tu. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita: nywele nyeusi zimekuwa nyepesi, lakini shati lake jeupe halikuwa jeupe zaidi. Nalo limepoteza ung'avu. Nywele na shati vyote vimesogea kuelekea rangi ya chandarua chenyewe.

Hewa hufanya hivyohivyo. Baina yako na mlima kuna vumbi, moshi, matone madogo ya maji na chembe za hewa yenyewe. Hizo huzuia sehemu ya mwanga unaotoka mlimani usikufikie, na papo hapo, kwa kuwa zenyewe zimemulikwa na jua, hukuletea mwanga mwingine ambao haukutoka mlimani. Leonardo da Vinci (1452–1519) aliliandika jambo hili kwa makini, akieleza kwamba vitu vya mbali huwa na rangi ya samawati na umbo lisilo wazi kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Mchoraji wa mkaa hana samawati. Rangi imeondoka, na mzigo wote umebaki juu ya toni na kingo, ndiyo maana kosa dogo la toni ambalo mchoraji wa rangi angelificha kwa buluu, katika mkaa hulala uchi.

Hapa pana hesabu ndogo ambayo nadhani ndiyo iliyo muhimu kuliko yote. Chukua tofauti kati ya weusi wa mti ulio karibu nawe na weupe wa anga kuwa 100. Kama hewa ya bonde moja inapunguza tofauti hiyo kwa nusu, safu ya pili ya milima itakuwa na tofauti ya 50 dhidi ya anga, ya tatu 25, ya nne kama 12, ya tano 6. Tazama miruko ilivyo: kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili umepoteza 50, lakini kutoka ya nne kwenda ya tano umepoteza 6 tu. Wanafunzi wengi hugawa toni sawasawa, kama ngazi za nyumba, kila safu ikiwa nyepesi kwa kiasi kilekile. Matokeo huonekana kama mbao zilizopangwa, kila moja na rangi yake. Hewa haigawi sawasawa. Huchukua sehemu kubwa mapema, kisha hubakiza mabaki yanayokaribiana sana, kiasi kwamba safu mbili za mwisho huenda zikatofautishwa na pumzi tu ya mkaa. Mruko mkubwa unapaswa kuwa kati ya eneo la karibu na eneo la kati, na mchoraji akithubutu kuufanya huo mmoja, nusu ya kazi imekwisha.

Lipo pia lile dai linalorudiwa kila mahali, kwamba vitu vya mbali huwa vyeupe. Mfano wa chandarua umeshalijibu, lakini Kilimanjaro hulijibu vizuri zaidi. Anayeuchora mlima huo akiwa Moshi huacha theluji ya Kibo iwe karatasi tupu, nyeupe kabisa, kwa sababu theluji ni nyeupe. Kisha anashangaa kilele kinavyoruka mbele ya migomba. Linganisha theluji ile na kanzu nyeupe ya mtu aliyesimama juani hatua kumi kutoka ulipo, na utaona kwamba kanzu inang'aa zaidi. Theluji ya mbali inahitaji kijivu hafifu mno, kiasi cha kuipangusa tu kwa kitambaa chenye vumbi la mkaa, na mng'ao wake utatokana na anga iliyo nyuma yake kuwa nzito kidogo kuliko yenyewe.

Mlima huohuo unafundisha jambo la pili. Kuna asubuhi nyingi ambapo kilele chenye urefu wa mita 5,895 kinaonekana wazi huku kitako chake kimetoweka, na theluji inaonekana kuelea. Sababu ni kwamba hewa ya chini hubeba vumbi, moshi na unyevu mwingi kuliko hewa ya juu, kwa hiyo chandarua ni kinene chini na chepesi juu. Ndivyo ilivyo pia kwa kila safu ya Usambara wakati ukungu wa alfajiri ukiwa mabondeni: ukingo wa juu wa safu ni mzito na mkali, kisha toni inafifia kadiri inavyoshuka, hadi inapotelea katika weupe, na katika weupe huo ndipo unapotokeza ukingo mzito wa safu iliyo mbele yake. Anayejaza kila mlima kwa toni moja kuanzia juu hadi chini anaitupa zawadi hii. Mpito huo wa uzito kwenda wepesi ndani ya safu moja ndio unaoweka hewa kati ya mlima na mlima.

Saa na msimu navyo hubadilisha yote haya. Ukitazama upande wa jua, kama inavyokuwa jioni kutoka Irente, vumbi la hewani huwaka na safu za milima huachana kama karatasi zilizokatwa. Ukilipa jua mgongo, hewa hunyamaza na milima huonyesha mikunjo yake lakini husogea karibu. Baada ya mvua za masika hewa iliyooshwa huweza kuuleta mlima wa mbali hadi mlangoni, na kiangazi, wakati wa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, mlima huohuo hauonekani. Kwa hiyo mwanafunzi anayelalamika kwamba amefuata kanuni na bado picha imelala, wakati mwingine amechora kwa uaminifu siku ambayo hewa haikuwa na cha kumpa.

Bajeti ya weusi

Karatasi nyeupe hurudisha mwanga mara ishirini au thelathini hivi kuliko mkaa mzito uliopakwa juu yake. Nje, kati ya wingu lililopigwa na jua na kivuli kilicho chini ya mwamba, tofauti huweza kufika maelfu. Hii ina maana kwamba mchoraji hawezi kunakili mwanga wa mandhari hata kama angekuwa na macho ya tai; anachoweza ni kupanga uwiano, kama mtu mwenye mshahara mdogo anayepanga mwezi wake. Anayetumia weusi wote kwenye msitu wa katikati hana tena cha kuweka kwenye shina la mti lililo mbele ya pua yake.

Ndiyo maana ushauri wa kuongeza weusi mara nyingi huharibu. Weusi unaoongezwa kila mahali ni sawa na chumvi iliyoongezwa kwenye kila sufuria, hata ya chai. Weusi mzito huonekana mzito kwa sababu ya kijivu kilichouzunguka, na ukiondoa kijivu hicho umeondoa nguvu yake. Mimi huwaomba wanafunzi wasiguse kabisa mkaa wa kushindiliwa hadi theluthi mbili za kazi ziwe zimekwisha. Waanze kwa kupaka karatasi yote vumbi la mkaa wa vijiti, walisambaze kwa kitambaa hadi lipatikane tandiko la kijivu cha kati, kisha watoe mwanga kwa raba laini inayofinyangwa na watie uzito kwa kijiti. Njia hii ina faida kubwa: mtu huanza katikati ya toni zake, na kila anachofanya ni uamuzi wa kwenda juu au kushuka, badala ya kutetemeka mbele ya weupe.

Anga nayo si ukuta. Mara nyingi ni nzito kidogo juu ya kichwa na nyepesi kuelekea upeo, na mpito huo mdogo, ambao wengi huuacha kwa kudhani anga ni karatasi tupu, huikunja mbingu na kuifanya ishuke nyuma ya milima.

Mguso wa mkono unaongea vilevile. Karatasi nzuri ya mkaa ina mkwaruzo, yaani vilima na mabonde madogo yanayokamata unga. Kijiti kikipita juujuu, unga hukaa kwenye vilima na mabonde hubaki meupe, na alama huwa na chembechembe zinazoonekana. Alama hiyo husogea mbele. Unga ukipanguswa, mabonde hujaa, chembechembe hupotea, na eneo hilo hurudi nyuma. Basi pangusa kilicho mbali, na kilicho karibu kiache na mikwaruzo yake. Anayepangusa kila kitu kwa kidole, akiamini ndiyo njia ya kupata ulaini na kina, hupata ukungu mmoja uliofunika nchi nzima. Isitoshe, mafuta ya ngozi hugandisha unga kwenye karatasi, na raba haiutoi tena vizuri. Kitambaa laini au kijiti cha karatasi iliyosokotwa hufanya kazi hiyo bila madhara.

Undani nao hufuata mkondo huo. Majani yanahesabika katika mti ulio hatua chache kutoka ulipo. Katika kilima cha kati msitu ni mikusanyiko ya vivuli. Katika safu ya mbali ni umbo moja tu. Kuchora miti mmojammoja kwenye mlima ulio kilomita ishirini kutoka hapo ni kuchora unachokijua badala ya unachokiona, na mtazamaji, ambaye macho yake yana uzoefu kuliko anavyodhani, huusogeza mlima huo karibu papo hapo.

Mahali ambapo kina na mpangilio hugombana

Jicho huenda palipo na tofauti kubwa ya toni na ukingo mkali. Kwa mujibu wa hewa, tofauti kubwa iko karibu. Lakini vipi kama unachotaka kitazamwe kiko eneo la kati, tuseme nyumba moja yenye paa la bati linalong'aa kwenye mteremko? Ukitii hewa kikamilifu, vichaka vya miguuni pako vitapiga kelele na nyumba haitasikika. Ukiipa nyumba nguvu zote, itaruka mbele na kina kitavunjika. Huu ndio mgogoro halisi wa kuchora mandhari, na vitabu vingi vya mafunzo vinavyoweka kina katika sura moja na mpangilio katika sura nyingine humwacha mwanafunzi peke yake mbele yake.

Suluhisho la zamani lilitumiwa kwa ustadi na Claude Lorrain (karibu 1600–1682), mchoraji Mfaransa aliyeishi na kufanya kazi Roma. Mara nyingi aliweka miti mizito ubavuni, karibu na mtazamaji, akaifanya kuwa umbo moja la giza lenye tofauti chache ndani yake, na mwanga wote akauweka mbali, katikati. Eneo la karibu bado lina toni nzito kuliko zote, kwa hiyo hewa imeheshimiwa. Lakini halina ugomvi ndani yake, kwa hiyo jicho linalivuka bila kukwama na kuingia penye mwanga. Nasi tuna njia ya kufanya hivyo bila kubuni chochote. Kivuli cha wingu hupita juu ya mteremko ulio mbele yako mara kadhaa kwa siku. Subiri kipite, au kikumbuke kilivyopita dakika chache zilizopita, na vichaka vyote vya miguuni vitaungana kuwa pande moja tulivu la giza, huku bati la nyumba likibaki juani.

Neno kuungana ndilo la kushika. Mandhari ina vitu elfu, lakini mchoro wenye nguvu huwa na mapande makubwa machache, pengine manne au matano, kila moja likiwa na toni yake kuu. Mchoraji Mfaransa Camille Corot (1796–1875) alikuwa na mazoea ya kuweka alama katika daftari zake za michoro ya haraka, duara kwa sehemu ya mwanga na mraba kwa sehemu ya giza, ili akirudi chumbani ajue mapande yalivyogawanyika. Njia nyepesi kwetu ni kuchora kwanza kisanduku cha ukubwa wa kasha la kiberiti na kukijaza toni tatu tu: nyeupe, kijivu na nyeusi. Kama picha haisomeki katika ukubwa huo, haitasomeka katika ukubwa wa meza. Tengeneza visanduku vinne au vitano vya mahali palepale, upeo ukiwa juu katika kimoja na chini katika kingine, kabla ya kugusa karatasi kubwa. Dakika kumi zinatosha.

Kufinya macho husaidia kuyaona mapande, kwa kuwa vitu vidogo hufifia na toni kubwa hubaki. Katika karne ya 18 wasafiri wa Uingereza walibeba kioo kidogo cheusi kilichobinuka kilichopewa jina la Lorrain, ingawa hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alikitumia. Waliipa mandhari mgongo na kuitazama ikiwa imepungua na kuwa na toni chache. Leo kila mmoja wetu anatembea na kioo cha namna hiyo mfukoni, nacho ni simu iliyozimwa. Ishike mbele yako huku mandhari ikiwa nyuma yako, na utayaona mapande. Ikiwa imewashwa, kamera yake ni msaidizi wa kutiliwa shaka, kwa sababu kamera nyingi za simu husawazisha mwanga zenyewe, zikiangaza vivuli na kutia giza angani, na hivyo kuvuruga uwiano uleule uliokuja kuutafuta.

Kanuni ya theluthi, ile inayotaka upeo au kitu kikuu kikae kwenye theluthi ya picha, hufundishwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Iliandikwa kwa jina hilo na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, akizungumzia namna ya kugawa picha ili sehemu mbili zisilingane. Ni pendekezo zuri linalomwepusha anayeanza na picha iliyokatwa nusu kwa nusu. Hata hivyo, upeo ulioshushwa hadi chini kabisa ya karatasi huipa anga ya nyika ukuu ambao theluthi haiwezi kuutoa, na ulioinuliwa karibu na juu hueleza genge la Irente kwa namna ambayo miguu ya mtazamaji inasikia. Swali la kuuliza ni eneo lipi linabeba jambo unalotaka kulisema; hilo lipewe nafasi.

Kuhusu njia na mito inayoingiza jicho ndani ya picha, nitasema moja tu: njia iliyonyooka kutoka pembe ya chini hulipeleka jicho mbio hadi upande wa pili na kulitoa nje, ilhali njia inayopotea nyuma ya kilima na kutokea tena mbele zaidi, ikiwa nyembamba na hafifu, hulilazimisha jicho kuuvuka umbali kwa hatua.

Bapa si dosari

Kutokana na yote haya mtu anaweza kuhitimisha kwamba picha isiyo na kina ni picha ya asiyejua. Hilo silikubali. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), aliyechora jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta za dukani juu ya vibao vya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, aliwaweka wanyama mbele ya uwanda wa rangi usio na umbali, na nguvu ya picha zake iko katika umbo na mapambo. Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na baadaye London, alikuwa na kila nafasi ya kujifunza kanuni za Ulaya, lakini alipochora maisha ya Wachagga aliwapanga watu wadogo na mashamba yao wakipanda juu ya turubai, kila mmoja akionekana wazi. Kina ni chombo. Kinatumika pale ambapo umbali wenyewe ndio habari ya picha, kama ilivyo kwa anayesimama Irente.

Vilevile si kweli kwamba mkaa ni wa rasimu tu. Dhana hiyo ina asili yake: kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya waliutumia kuchora umbo la awali kwenye ukuta au turubai, kisha wakaupangusa kwa unyoya. Ulipopatikana utaratibu mzuri wa kukazia unga usidondoke, mkaa ulisimama wenyewe, na katika Ufaransa ya karne ya 19 watu kama Maxime Lalanne (1827–1886) na Auguste Allongé (1833–1898) walijulikana kwa mandhari za mkaa. Wafaransa hata leo huuita mkaa wa kuchorea kwa jina la mti mdogo ambao vijiti vyake vilichomwa kuupata. Karibu nasi zaidi, William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955, tangu mwaka 1989 amekuwa akitengeneza filamu fupi kwa kuchora mkaa kwenye karatasi, kuupiga picha mchoro, kufuta sehemu, kuchora tena na kupiga picha tena. Nchi iliyochimbwa migodi kuzunguka mji wake huonekana humo ikiwa na makovu ya kila kilichofutwa, kwa sababu mkaa haufutiki wote. Kivuli kinachobaki baada ya kufuta, ambacho mwanafunzi hukionea aibu, ni toni tayari ya kitu kilicho mbali, na mara nyingi nimemzuia mtu asiendelee kusugua kwa sababu mlima wake wa nyuma ulikuwa umeshapatikana bila yeye kujua.

Kazi ikishakamilika, isimamishwe wima na kugongwa taratibu kwa nyuma ili unga usioshika udondoke, kisha ipuliziwe dawa ya kukazia mahali penye hewa ya kutosha, kwa umbali wa mkono, mara mbili au tatu nyepesi badala ya mara moja nzito. Dawa hiyo huongeza uzito wa toni kidogo, na zinazoumia kwanza ni zile hafifu za milima ya mbali, kwa hiyo baadhi ya wachoraji hupulizia eneo la karibu peke yake au huacha kabisa na kutegemea kioo cha fremu. Kioo hicho kisiguse karatasi. Ukanda wa kadibodi uwekwe pembeni kuvitenganisha, kwa sababu unga unaogusa kioo huhamia kwake, na wa kwanza kuhama ni ule uliopakwa juujuu tu.